Pompi inunuliwe baada ya hesabu, na hesabu iandikwe ukutani

LUBERIZI, Kivu Kusini – Wakaaji wa tambarare ya Ruzizi wanaijua picha hii. Gari linafika na pompi mpya. Tiyo zinafukiwa, tangi linapandishwa juu ya nguzo, kibao chenye majina ya wafadhili kinasimikwa kando ya barabara. Siku ya uzinduzi wakubwa wanatoa hotuba, utepe unakatwa, robine inafunguliwa mbele ya kamera na maji yanatoka. Watu wanapiga vigelegele. Miezi michache baadaye robine ya mwisho inatoa matone, ile ya katikati inatoa maji usiku tu, na akina mama wamerudi mtoni na mabidoni yao ya njano.

Hapo lawama zinaanza. Mfadhili anasema komite haikutunza. Komite inasema mazutu ni ghali. Fundi anasema pompi ilikuwa ya mbovu. Mkaaji anasema pesa zililiwa. Kila moja kati ya hizo inaweza kuwa kweli. Lakini kuna swali ambalo halisikiki karibu kamwe katika mikutano hiyo: kabla ya kununua pompi, nani alihesabu itasukuma maji mita ngapi?

Hesabu hiyo ina jina. Mafundi wa Kongo wanaiita HMT, herufi tatu za Kifaransa. Kwa Kiswahili rahisi ni kimo cha kusukuma: mita zote ambazo pompi lazima izishinde ili maji yafike yanapotakiwa. Bila namba hiyo, kununua pompi ni kama kununua viatu vya mtoto bila kujua mguu wake. Na hapa anayetembea na kiatu kisichomtosha ni kijiji kizima, pamoja na familia za wahami zilizopokelewa humo.

Dai la kutolewa kwa hiyo ni moja, na liko wazi. Pompi yoyote inayoletwa Luberizi, Mutarule, Sange, Luvungi au kwenye kambi yoyote ya wahami isinunuliwe kabla ya kimo chake kuhesabiwa. Na hesabu hiyo isibaki katika kompyuta ya mtu. Iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa tangi, mahali ambapo kila mama mwenye bidoni anaweza kuisoma.

Robine ikikauka, hospitali inajaa

Kuna watakaosema hili ni jambo la wahandisi, raia wana shida kubwa zaidi. Waangalie Uvira, mwendo mfupi kusini mwa Luberizi kwa barabara ya taifa namba 5. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London kinachoshughulika na afya na magonjwa ya nchi za joto walitoa matokeo ya kazi yao juu ya mji huo. Walilinganisha maji yaliyotolewa kila siku na mtandao wa mji na idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Waligundua kwamba siku moja bila maji ya robine ilifuatwa, katika siku 12, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 kuliko baada ya siku ambayo maji yalitoka vizuri. Walikadiria kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne waliolazwa alihusiana na upungufu wa maji ya robine.

Hiyo ni siku moja tu. Kijiji ambacho pompi yake haifikishi maji kwenye tangi kina siku ngapi za namna hiyo kwa mwaka?

Desemba 2025 vita vilipita katika tambarare hii kutoka upande wa Kamanyola hadi Uvira. Familia nyingi ziliacha nyumba, wengine wakavuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine wakajibana kwa ndugu na katika mashule. Mahali penye robine moja pakawa na foleni ya watu wa vijiji vitatu. Katika hali hiyo, pompi iliyochaguliwa kwa kukisia inageuka kuwa hatari kwa afya.

Kimo kinahesabiwa namna gani

Wengine wanapenda kuifanya hesabu hii ionekane kama uchawi. Haina uchawi. Ina sehemu mbili kubwa: kupanda na msuguano.

Kupanda ni mita za wima, kutoka uso wa maji kisimani hadi mdomo wa tiyo unaomwaga juu ya tangi. Hapa kosa la kwanza linangoja. Uso wa maji unaohesabiwa ni ule wa wakati pompi inafanya kazi, kwa sababu kisima kikivutwa maji yake hushuka. Aliyepima asubuhi kisima kikiwa kimepumzika amepima namba isiyofaa. Aliyepima mwezi wa nne wakati wa mvua, na kusahau mwezi wa tisa mwisho wa kiangazi, amekosea vilevile.

Msuguano ni nguvu inayoliwa na tiyo yenyewe. Maji yakipita ndani ya tiyo husugua kuta zake, na kila kona, kila valvu na kila kiungo hudai sehemu yake. Nguvu hiyo nayo huhesabiwa kwa mita, kana kwamba tangi limesogezwa juu zaidi. Jicho halioni mita hizo. Ndiyo sababu husahauliwa.

Chukua kijiji cha mfano chenye watu 4,000, wenyeji na wahami pamoja. Kanuni za kimataifa za misaada, zinazoitwa Sphere, zinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni lita 60,000. Pompi ikitumia jua au jenereta kwa saa 6, lazima itoe lita 10,000 kila saa.

Kisima kinapovutwa, maji yake yako mita 26 chini. Ardhi ya tangi iko mita 14 juu kuliko ardhi ya kisima. Tiyo inamwaga mita 8 juu ya ardhi ya tangi. Jumlisha: 26 na 14 na 8 ni 48. Wengi huishia hapo. Wanakwenda dukani Bukavu au Bujumbura kuomba pompi ya mita 50, na wanafikiri hata wameacha akiba.

Lakini kutoka kisimani hadi tangini kuna tiyo ya mita 1,000. Kwa kanuni ya Hazen-Williams, ambayo mafundi wa maji hutumia duniani kote, lita 10,000 kwa saa zikipita katika tiyo ya plastiki ya milimita 63 hula karibu mita 27. Ongeza mita 3 kwa ajili ya kona na valvu. Kimo cha kweli ni 48 na 27 na 3, yaani mita 78. Pompi ya mita 50 iliyonunuliwa kwa macho haiwezi. Haitazimika, na ndiyo sababu siku ya uzinduzi hakuna anayegundua kitu. Itatoa maji, lakini huenda ikatoa nusu ya yale yaliyoahidiwa. Mtu aliyeambiwa lita 15 atapata 7 au 8, na wa kwanza kukosa ni yule anayekaa mwisho wa foleni.

Tiyo ya bei rahisi ni deni la kila siku

Sasa angalia upana wa tiyo, maana hapa ndipo pesa za raia zinapopotea kimya. Kwa maji yale yale na umbali ule ule wa mita 1,000, tiyo ya milimita 50 hula karibu mita 84. Ya milimita 63 hula 27. Ya milimita 90 hula 5 tu.

Ukijumlisha na kupanda na viungo, tiyo ya 50 inadai kimo cha mita 140, ya 63 inadai 78, na ya 90 inadai 54. Kijiji ni kile kile na kisima ni kile kile. Ikiwa pompi na mota yake hutumia vizuri nusu ya nguvu inayopewa, na jenereta ndogo inatoa kilowati-saa 3 kwa lita moja ya mazutu, basi kwa siku tiyo ya 50 inakula lita 15 za mazutu, ya 63 lita 8 na nusu, na ya 90 lita 6. Kati ya tiyo ya 63 na ya 90 tofauti inakaribia lita 80 kwa mwezi. Kila mwezi. Miaka yote ambayo pompi itaishi.

Nani analipa lita hizo? Si aliyenunua tiyo. Mradi wake umefungwa, ripoti imetumwa, picha zimechapishwa. Anayelipa ni mama anayetoa franka kwa kila bidoni. Akishindwa kulipa, jenereta inanyamaza, na ofisini wanaandika kwamba jamii haikujimilikisha mradi. Maneno hayo ni dhuluma. Jamii ilipewa deni bila kuonyeshwa karatasi ya deni.

Hata kwa paneli za jua mambo ni hayo hayo. Jua halilipwi, lakini paneli zinalipwa, na kimo kikubwa kinataka paneli nyingi. Zikiwa chache, maji yanatoka saa sita mchana tu, na wingu likipita yanakatika.

Watu wakiongezeka mara mbili

Kwa sehemu hii familia za wahami lazima zisikilizwe kwanza. Vita vikisukuma watu, kijiji cha 4,000 kinaweza kuwa cha 8,000 katika juma moja. Jibu la haraka ni: leteni pompi yenye nguvu mara mbili, tiyo ibaki ile ile. Hesabu inakataa. Maji yakiongezwa mara mbili ndani ya tiyo ile ile, msuguano hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara tatu na nusu. Zile mita 27 za tiyo ya 63 zinakuwa karibu 99. Pompi kubwa inatumia nguvu zake kupasha tiyo joto na kupasua viungo, na maji yanayofika hayalingani na mazutu yaliyochomwa.

Kama tangu mwanzo ingewekwa tiyo ya 90, maji mara mbili yangekula mita 17 tu. Kimo chote kingekuwa kama mita 67, yaani chini ya zile 78 za tiyo ya 63 ikihudumia nusu ya watu. Ni kweli kwamba kisima chenyewe lazima kiweze kutoa maji hayo, na uso wake utashuka zaidi kikivutwa hivyo. Hilo nalo lipimwe. Lakini tambarare ambayo imepokea wahami mara nyingi haina haki ya kujenga kana kwamba hakuna atakayekimbia tena. Tiyo hukaa ardhini miaka mingi. Yule anayechagua tiyo nyembamba leo anawafungia mlango wahami wa kesho.

Namba mbili za kwenye kibati

Kuna mtego mwingine, na wauzaji wanaujua. Kwenye kibati cha pompi kumeandikwa namba mbili kubwa: maji mengi zaidi na kimo kikubwa zaidi. Kwa mfano, lita 12,000 kwa saa na mita 80. Mnunuzi anasoma na kufurahi: anataka lita 10,000 kwa mita 78, basi pompi inatosha na kubaki.

Haitoshi. Zile mita 80 ni kimo ambacho pompi hufikia wakati hakuna hata tone linalotoka. Zile lita 12,000 hutoka wakati hakuna kimo cha kushinda. Namba hizo mbili hazikutani kamwe. Kati yake kuna mstari unaopinda, ambao mtengenezaji anauchora katika karatasi za pompi, na lazima kazi inayotakiwa iangukie juu ya mstari huo, karibu na katikati yake. Pompi ya mfano huu ikidaiwa mita 78 itatoa maji kidogo sana. Muuzaji asiyeweza kuonyesha mstari huo hauzi pompi ya kijiji, anauza chuma.

Nguvu za farasi nazo hazijibu swali. Mara nyingi mazungumzo kati ya fundi na komite huwa hivi:

"Baba prezida, hii ni ya farasi tano. Haitashindwa."

"Sawa fundi, wewe ndiwe unajua."

Basi imeisha. Afadhali mama mmoja wa komite angeuliza: "Fundi, kwa mita ngapi itatoa maji kiasi gani kwa saa?" Swali hilo moja lingeokoa pesa kuliko ukaguzi wa mwaka mzima.

Kuna pia pompi za juu ya ardhi zinazovuta maji kwa kunyonya. Hizo zina mpaka ambao hakuna farasi wanaoweza kuuvuka, kwa sababu anayesukuma maji yapande ni uzito wa hewa. Kando ya bahari hewa inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo. Katika tambarare ya Ruzizi, iliyo kati ya mita 800 na 1,000 juu ya bahari, ni mita 9 na kidogo. Bukavu, karibu mita 1,500, ni 8 na nusu. Hayo ni ya kitabuni. Kazini mtu asitegemee zaidi ya 6. Pompi ya kunyonya ikiwekwa juu ya kisima ambacho maji yake yako mita 12, itanguruma mchana kutwa bila kutoa kitu.

Woga si hesabu

Wengine wakisikia haya hujibu kwamba dawa ni kuongeza: kama unadhani mita 78, nunua ya 150 ulale usingizi. Hiyo ni kukimbia moto na kuingia majini. Pompi yenye kimo cha kupita kiasi hutoa maji mengi kuliko kisima kinavyoweza, inavuta mchanga, mota inachemka na tiyo zinapasuka. Kisha fundi anabana valvu ili kuipunguza, na mazutu yanachomwa kupigana na valvu iliyofungwa nusu.

Kosa hilo lina ndugu yake katika miji mikubwa. Kwenye majengo marefu ya Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa kuna hoteli na hospitali zinazopozwa kwa maji baridi: mashine huyapoza chini, pompi huyazungusha hadi vyumba vya juu, nayo hurudi chini kupozwa tena. Njia hiyo imefungwa kama duara. Maji yanayoshuka yanavuta yale yanayopanda, kwa hiyo urefu wa jengo unajifuta wenyewe. Pompi inashinda msuguano tu: wa tiyo, wa valvu na wa mashine za kupoza, katika ile njia iliyo ngumu kuliko zote. Mhandisi anayeongeza mita 60 za ghorofa 20 katika hesabu hiyo amenunua pompi kubwa bure, na mwenye jengo atalipa umeme wa kosa lake.

Luberizi mambo ni kinyume. Maji yaliyopanda hayarudi kuvuta mengine. Yananyweka, yanapika ugali, yanaogesha watoto. Hapa kila mita ya kupanda inalipwa. Mtu aliyejifunza kazi yake katika duara lililofungwa akija kijijini na kusahau kupanda, ataacha tangi kavu. Kanuni haipaswi kubebwa kutoka mahali hadi mahali kama mzigo uliofungwa. Lazima mtu asimame penye maji, aangalie yanapokwenda, kisha ahesabu.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza: dharura haina muda wa hesabu. Uongo. Hesabu yote ya mfano wa juu ni kazi ya asubuhi moja. Kupanda kunaweza kupimwa kwa nivo ya maji, ile tiyo nyembamba inayoonyesha maji ndani, ambayo kila fundi wa kujenga nyumba Luberizi anayo. Ni ya kuaminika kuliko simu, maana simu inaweza kukosea mita 10 na zaidi kwa urefu. Umbali unapimwa kwa kamba. Maji ya kisima yanapimwa kwa pipa na saa, wakati pompi ya majaribio inavuta saa nyingi mfululizo. Dharura iliyopata muda wa kuchapa kibao cha mfadhili haikosi asubuhi moja ya kupima.

Kisingizio cha pili: raia hawataelewa. Mama anayeuza mihogo Sange anageuza dola kuwa franka kichwani, anaondoa usafiri na kodi za barabarani, na anajua faida yake kabla muuzaji mwingine hajamaliza kusalimia. Mama huyo atashindwa kujumlisha 48 na 27 na 3? Wanaoogopa raia kuelewa ndio wanaosema raia hawaelewi.

Kisingizio cha tatu ndicho kigumu: pompi imekwisha kutolewa na mfadhili, iko bandarini au bohari, hakuna kuchagua. Sawa. Basi hesabu ianzie upande wa pili. Chukua mstari wa pompi hiyo, tafuta tiyo pana inayoweza kuendana nayo, au sogeza tangi mahali pa chini, au sema mapema kwamba itahudumia watu 2,000 na si 4,000, na wengine watafutiwe njia nyingine. Zawadi haiwi kosa kwa kuhesabiwa. Inakuwa kosa ikipokelewa kwa macho yaliyofungwa.

Mlima uulizwe kwanza

Tena kuna jambo ambalo hesabu hulifunua mara nyingi: huenda pompi haitakiwi kabisa. Magharibi ya tambarare inasimama milima ya Mitumba. Chemchemi iliyo juu tayari ina kimo chake, Mungu amekwisha kuilipia mazutu. Hesabu ni ile ile, imegeuzwa tu: mita za kushuka zikizidi mita za msuguano, maji yanafika yenyewe. Kila mita 10 za kushuka ni bari 1 ya presha, kwa hiyo tiyo ya bari 10 inabeba mita 100. Chemchemi ikiwa juu zaidi ya hapo, matangi madogo ya kuvunja presha yanawekwa njiani, la sivyo tiyo itapasuka usiku robine zikifungwa.

Kweli, mlima una taabu zake. Tiyo ni ndefu, mafuriko huichukua, na katika siku za vita fundi haruhusiwi kupanda kwenye chemchemi. Lakini raia waonyeshwe hesabu mbili pembeni kwa pembeni, ya mlima na ya pompi, halafu wachague. Mradi unaoleta pompi bila kutaja mlima umewachagulia.

Namba tano ukutani

Katiba ya nchi ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya maji ya kunywa. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka utaratibu wa huduma hiyo nchini. Haki isiyoweza kupimwa ni wimbo tu. Basi ipimwe, kwa namba tano zilizoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kila tangi.

Ya kwanza, maji kwa saa na watu wangapi yamepangiwa. Ya pili, mita za kupanda, zikipimwa maji ya kisima yakiwa chini zaidi. Ya tatu, urefu na upana wa tiyo. Ya nne, mita za msuguano. Ya tano, kimo chote, na maji ambayo pompi iliyonunuliwa inatoa kwa kimo hicho kulingana na mstari wa mtengenezaji.

Siku ya uzinduzi, kabla ya utepe, pipa la lita 200 liwekwe chini ya tiyo inayojaza tangi, na mtu ashike saa. Kwa lita 10,000 kwa saa, pipa linajaa kwa sekunde 72. Likijaa kwa sekunde 72, watu wapige vigelegele. Likijaa kwa dakika mbili na nusu, utepe usikatwe, karatasi ya mapokezi isitiwe sahihi, na fundi arudi kwenye hesabu yake mbele ya watu.

Mkuu wa kijiji anaweza kudai hilo bila kuomba ruhusa Bukavu wala Kinshasa. Komite ya maji inaweza. Wawakilishi wa wahami wanaweza, na wana sababu kuliko wote, kwa sababu wao hupewa mwisho na kulaumiwa kwanza. Mashirika yanayofanya kazi safi hayatakasirika. Namba hizo zitakuwa sifa yao. Atakayekasirika ajulikane.

Mvua ikikatika, mwezi wa sita, maji ya visima yataanza kushuka tena. Pompi ambazo hazikuhesabiwa zitaanza kukohoa moja baada ya nyingine, na njia ya mtoni itajaa mabidoni. Bado kuna wakati wa kuchukua nivo ya maji, kamba na pipa, na kwenda kupima.